Gari Linalopiga Chafya

Jumatatu ile kidole gumba cha Mheshimiwa hakikulegea.

Siku zote, tukishapita mzunguko wa kwanza, kidole hicho kiliteleza taratibu kutoka kwenye kichwa cha fimbo yake, na mimi niliyekaa mbele, nikimwangalia kwenye kioo kidogo, nilijua amelala. Nilimgusa Baba goti, na kuanzia hapo Baba aliendesha kama mtu aliyepakia mayai.

Mheshimiwa alikuwa hakimu. Amestaafu zamani, lakini hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina lingine. Mguu wake wa kushoto ulimnyima usingizi. Kitandani, alituambia, anageuka usiku kucha kama samaki kwenye kikaango. Kwenye kiti cha nyuma cha gari letu analala kama mtoto aliyeogeshwa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tulimpeleka hospitali kunyooshwa mguu. Baba aliendesha, mimi nilimshika mkono kwenye ngazi. Mpwa wake alitulipa kila mwisho wa mwezi, na sote tulijua halipii usafiri. Magari ya kumfikisha hospitali yalikuwa mengi. Alikuwa analipia ule usingizi.

Siku hiyo, kila Baba alipoinua mguu kwenye mafuta, chini ya boneti kulitoka mlio. Pshaa. Kama mtu aliyebana chafya mbele ya wakwe, halafu ikamponyoka. Kidole gumba kikaikaza fimbo. Tulipofika kwenye mataa gari lilitetemeka, likataka kuzimika, kisha likajikaza kama mgonjwa aliyeitwa jina lake.

Baba hakusikia kitu. Aliendesha malori miaka ishirini na sita, na kwa masikio yake gari lisilotikisa meno ni gari lililozimwa.

Wakati wa kurudi Mheshimiwa aligonga fimbo sakafuni.

"Dereva."

"Naam, Mheshimiwa."

"Gari lako linanipigia chafya."

Baba akanitazama. Nikainamisha kichwa, naye akaelewa kwamba ni kweli. "Ni vumbi tu, Mheshimiwa. Vumbi la wiki hii limezidi."

"Vumbi halichagui mahali. Hili linachagua. Limenipigia chafya mara kumi na nne wakati wa kwenda. Nimehesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine, usingizi ulikuwa umeshaondoka."

"Nitalishughulikia leo leo."

"Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa likinipigia chafya hata moja, mpwa wangu atafute gari lingine. Na rufaa sipokei."

Tunakaa kwenye nyumba za mstari, milango sita, bomba moja la maji katikati ya ua. Jioni hiyo Mama alikuwa bombani anajaza ndoo huku anaimba, na alikuwa na sababu ya kuimba. Kwa miezi miwili mpira wa bomba ulikuwa na tabia ya kuchomoka maji yakija kwa nguvu. Ulirukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, na kila uliporuka uliilenga kamba ya nguo ya Mama Mapacha wa mlango wa pili. Mpira ulikuwa wetu, kwa hiyo kosa lilikuwa letu. Mama Mapacha alikuwa ameacha kutusalimia. Lakini tangu Jumamosi mpira ulikuwa umetulia, nguo zake zilikuwa kavu, na asubuhi hiyo alikuwa amemwuliza Mama, "Umeamkaje?" Mama alilibeba neno hilo siku nzima kama zawadi.

Baba alipomaliza kueleza habari za chafya, Mama alitua ndoo.

"Nilisema mimi. Gari la tabo la nini? Ungenunua gari la kawaida, kama watu."

"Tabo inaiongezea injini nguvu mlimani."

"Mlima uko wapi hapa?"

Baba akatazama huku na huku, hakuuona. "Walinipunguzia bei," akasema kwa sauti ya chini.

"Mwenye mbuzi mzima hapunguzi bei."

Hakuna aliyetaja kitakachotokea Mheshimiwa akiondoka, maana sote tulikijua. Baba angerudi kwenye malori. Mgongo wake ulikuwa umeshayakataa malori, lakini tumbo halisikilizi mgongo. Mimi nimekua nikimjua Baba kama mtu anayekuja na kuondoka, mfuko wake wa nguo uko nyuma ya mlango daima. Ni mwaka huo tu ndipo nilipogundua kwamba anapiga mluzi akinyoa ndevu.

Kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Rali, alikuwa amekaa kwenye ngazi anakata kucha. Hakusema neno. Kwa Kaka, kunyamaza kulikuwa jambo geni, lakini jioni hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulishangaa.

Fundi wa kwanza anaitwa Badili, kwa sababu hilo ndilo neno lake. Ukimpelekea taa, badili. Ukimpelekea tairi lenye msumari, badili. Wanasema mkewe akiugua huwa hamwambii.

Jumanne asubuhi alifungua boneti, akavuta mafuta mara tatu kwa mkono, akafuta mikono kabla hajashika kitu chochote kichafu.

"Tabo imekufa."

"Imekufaje na gari linakwenda?" Baba akauliza.

"Ndivyo inavyokufa. Hiyo unayosikia ni pumzi ya mwisho. Badili."

Akataja bei. Baba akaomba kiti.

"Haitengenezeki?"

"Mzee, jino likioza unalipaka rangi?"

Wakati Baba anaitafakari ile bei, aliingia kinyozi wa jirani kuazima nyundo. Alipoliona gari letu uso wake ukachangamka.

"Mzee, tafadhali, usiuondoe ule mlio. Jumapili Rali alipopita pale kwangu, wateja walitoka nje na povu kidevuni. Kumbe mwanao ni fundi. Alituambia ameligusa mwenyewe, amelifungua pumzi."

Badili akamtazama Baba kwa huruma ya mtu anayeuza jeneza. Baba aliifunga boneti taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka, akamrudishia Badili kiti chake.

Njia nzima gari peke yake ndilo lililozungumza.

Nyumbani Kaka alikuwa bado hajanawa uso.

"Ulitoa nini kwenye gari?" Baba akauliza.

"Kutoa?"

"Kinyozi ameniambia."

Hapa niseme jambo ambalo Kaka aliniambia kesho yake. Watu huniambia mambo yao, kwa kuwa siwarudishii maneno. Jumapili alikuwa ametumwa kwenda kujaza mtungi wa gesi, basi. Mbele ya kinyozi gari likalia pshaa lenyewe, vijana wakashangilia, na Kaka, ambaye hajashangiliwa tangu azaliwe, akazipokea zile sifa zikiwa za moto. Hakugusa kitu. Hata boneti hajui inafunguliwa kwa upande gani. Sasa Baba alipomsimamia mbele, alikuwa na njia mbili: akiri kwamba amewadanganya watu wote wa kwa kinyozi, au akiri kwamba ameharibu gari. Alifikiri kidogo, akachagua gari.

"Nilitoa kidogo tu."

"Kidogo nini?"

"Kile cha pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Pembeni... kwa ndani."

"Kirudishe," Baba akasema. "Kesho jioni nikikute kimerudi. Na nipe funguo."

Sasa ikabaki safari ya Jumatano. Usiku ule Mama aliona mlio unatoka gari linapofunga breki, maana aliwahi kupanda siku ya Jumapili mpaka kona. Kaka alisema unatoka mtu akikanyaga mafuta, kwa sababu nguvu ndiyo inayopiga kelele. Mimi nilijua unatoka lini. Hakuna aliyeniuliza, na maneno yangu hayatoki bila kuulizwa. Hata yakiulizwa huja yanaburuta miguu.

Baba aliamini maneno ya Kaka, kwa sababu yeye ndiye mkosaji, na mkosaji hujua. Kwa hiyo Jumatano hakukanyaga mafuta. Aliyagusa tu, kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto. Tulipitwa na baiskeli. Tulipitwa na mtu anayesukuma mkokoteni wa magodoro, naye akageuka kututazama asije akawa amekosea. Ni kweli chafya hazikutoka. Ila nyuma yetu magari yalijipanga yakipiga honi, na mwanaume mmoja akateremsha kioo akamwuliza Baba kama anatafuta kitu alichoangusha.

"Dereva," Mheshimiwa akasema.

"Naam, Mheshimiwa."

"Kuna mtu amefariki?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi mbona tunasindikiza?"

Tulifika zamu yake imeshapewa mtu mwingine. Alikaa kwenye benchi saa nzima, mguu umenyooshwa mbele, fimbo imekazwa. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Nilimshikia mkoba wake na kutazama sakafu. Baba alisimama mlangoni na kofia mkononi, akiwapisha watu ambao wangeweza kupita bila kupishwa.

"Leo halikupiga chafya," Mheshimiwa alisema alipoteremka kwake. "Leo lilizimia. Ijumaa iko pale pale."

Mchana huo Kaka aliingiza kichwa chini ya boneti. Nilikuwa nafua karibu yake.

"Nipe spana," akaninong'oneza.

Nikamtazama.

"Yoyote. Baba yuko dirishani."

Nikampa ile kubwa. Akagonga chuma kimoja, akasikiliza, akagonga kingine. "Unajua nini, mdogo wangu," akasema, "mtu akikuambia urudishe kitu, angalau angekuambia ni kitu gani."

Alhamisi asubuhi Mama Mapacha alimkuta Mama bombani. Ua wote ulikuwa umeshajua. Nyumba zetu zina kuta, lakini ni kwa ajili ya kupigilia misumari.

"Mama Rali," akasema, "nguo zangu ziko kavu siku ya sita. Mtu akikukausha, nawe mkaushe. Kaka yangu alikuwa fundi wa mabasi. Haongei sana, lakini magari yanamsikia. Namwita."

Mama akamshika mkono. Miezi miwili ya kununiana ikaishia pale, juu ya ndoo.

Huyo kaka yake wanamwita Sabuni. Alikuja kwa miguu, mzee mwembamba, na brashi ya kupakia rangi kwenye mfuko wa shati. Hakuwa na kifaa kingine. Aliponiona na beseni la kufulia akachota kikombe kimoja cha maji yangu ya povu, ila aliniuliza kwanza kama siyahitaji.

"Fundi mwenzako amesema tabo imekufa," Baba akamwambia.

"Tuiulize yenyewe kwanza," Sabuni akasema. "Inalia mtu akikanyaga mafuta au akiachia?"

"Akikanyaga," akasema Kaka.

"Akifunga breki," akasema Mama kutoka bombani.

"Mimi sisikii," akasema Baba, na nadhani hilo lilimuuma kulisema.

Sabuni akanigeukia mimi na beseni langu. "Na wewe unayesikia?"

Sijui alijuaje. "Akiachia," nikasema. Neno lilitoka dogo, lakini lilitoka. "Na likishalia linataka kuzimika."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu niliyemsogezea kiti. Kisha akamwita Baba karibu, akamwonyesha kwa shina la brashi. Tabo, alisema, inasukuma hewa kwenye injini. Ukiachia mafuta, mlango wa injini unafungwa ghafla, na hewa iko njiani inakuja, inasukumana kama watu kwenye ukumbi uliofungwa. Ndiyo maana pamewekwa valvu ya kupumulia. Inaifungulia hewa mlango wa nyuma, inarudi ilikotoka kwa mpira huu mfupi, kimya kimya.

"Mpira ukishika, husikii kitu. Ukiachia, hewa inamwagika nje. Hiyo ndiyo chafya. Na injini ilikuwa imeshaihesabu ile hewa kuwa yake, ikiikosa inapaliwa. Ndiyo kule kutaka kuzimika."

"Lakini mpira si uko mahali pake?" Baba akauliza.

"Uko. Hata mlinzi aliyelala yuko mahali pake."

Akapaka povu kwenye maungio yote, pole pole, kama anayempaka mgonjwa dawa. Akamwambia Baba aingie, avute mafuta, aachie. Kaka aliinama karibu kuliko wote. Alitaka sana kukiona kile alichokitoa.

Baba akavuta, akaachia. Mpira mfupi ukainuka, ukamtemea Kaka povu lote usoni, ukarudi kukaa kama haukufanya kitu. Kaka alisimama wima, povu mpaka kwenye nyusi. Mama Mapacha alicheka mpaka akashika ukuta, na Mama alicheka, na hata Baba ndani ya gari nilimwona mabega yanatikisika.

Sabuni hakucheka. "Tabo nzima. Valvu nzima. Hapa palikuwa na klipu ya kuubana mpira huu. Alama yake hii. Iko wapi?"

Kicheko kikaisha. Wote wakamtazama Kaka.

"Kile cha pembeni," Baba akasema.

"Kwa ndani," akajibu Kaka kutoka kwenye povu.

"Umekipeleka wapi?"

"Kilianguka."

"Kilianguka wapi?"

"Kama ningejua wapi, Baba, si ningekuwa nimekiokota?"

Mama akauliza kama waya hautafaa. Sabuni akasema waya utaukata mpira, na kamba itaungua. Klipu ya kipimo hicho aliwahi kuipata duka moja tu, na wao huiagiza, huchukua siku nne, tano. Baba akavua kofia, akaitazama ndani. Kesho ilikuwa Ijumaa.

Mimi nilikuwa nimeshalitua beseni. Nilichukua bisibisi ya Baba, nikavuka ua mpaka bombani. Nilirudi na klipu mkononi, inachuruzika maji, nikampa Sabuni. Sikusema kitu, na hakuna aliyeshangaa kwamba sikusema kitu.

Sabuni aliigeuza, akaivisha kwenye mpira, akaikaza. Haikuhitaji kulazimishwa.

"Imeingia kama imezaliwa hapa," akasema. Akanitazama kidogo zaidi ya vile klipu ilivyohitaji, kisha akachomeka brashi mfukoni.

Baba akavuta mafuta, akaachia. Kimya. Akavuta tena, akaachia, na safari hii akanitazama mimi kupitia dirishani. Nikatikisa kichwa: hakuna.

"Mnamwona huyu?" Baba akasema akiteremka. "Hasemi, lakini kichwa chake kinafanya kazi. Wewe Rali unasema kutwa, na klipu unaangusha."

Kaka alikuwa anajifuta povu kwa shati. "Ameokoa jahazi," akasema, akanipiga begani kwa shukrani ya kweli kabisa.

Hapo hapo, nyuma yetu, mpira wa bomba ukachomoka. Ulipinda mara moja hewani, ukaitafuta kamba ya nguo ya Mama Mapacha, ukaipata.

Ijumaa Baba alinyoa ndevu bila mluzi.

Tulitoka langoni kwa Mheshimiwa, tukapita soko, tukaukaribia mzunguko wa kwanza. Baba akainua mguu kwenye mafuta. Gari likapunguza mwendo kama gari la watu. Sikuthubutu kumgeukia Baba. Nilitazama kioo kidogo. Kidole gumba kilikuwa kimeikaza fimbo, kinasubiri ushahidi. Tukapita mataa ya kwanza, kidole kikasubiri. Tukapita mataa ya pili. Kwenye kona ya hospitali kikaanza kuteleza, kikasita, kikateleza tena, mpaka kikaanguka kwenye paja lake.

Nikamgusa Baba goti.

Wakati wa kurudi Mheshimiwa alilala njia nzima, na alikoroma. Langoni kwake alifungua macho, akajiweka sawa.

"Dereva. Tumefika?"

"Tumefika, Mheshimiwa."

Akatoa fimbo kwanza, kisha mguu. "Kesi imefutwa," akasema.

Sasa ni mwaka wa tatu. Baba bado anampeleka, na ule mfuko wa nguo nyuma ya mlango Mama ameugeuza kuwa wa viazi. Mpira wa bomba tumeufunga kwa kamba, unachomoka maji yakija kwa nguvu, na Mama Mapacha ameacha tena kutusalimia. Kaka alikaa bila funguo miezi miwili. Aliomba msamaha mbele yetu sote, akaahidi hatatoa tena kitu chochote kwenye gari, na ameitunza ahadi hiyo bila taabu. Ajabu ni kwamba uongo umemkolea. Juzi tulikuwa tunaanika nguo, akaacha kibanio hewani, akaniuliza, "Hivi, mdogo wangu, ile klipu niliitoa lini?"

Nikamwambia sijui.

Ninajua. Ilitoka Jumamosi, saa nne asubuhi. Baba alikuwa ameniagiza niifute mpaka injini, ing'ae kwa ajili ya Mheshimiwa. Nikaona mpira mfupi umebanwa na klipu nzuri. Nikaitoa, nikautikisa mpira, nikaona umeshika wenyewe. Pale bombani Mama alikuwa anatukanwa na Mama Mapacha mbele ya milango yote sita, amesimama na ndoo, anasema samahani, samahani. Niliwaza: huku klipu haina kazi, kule ina kazi. Nilikusudia kununua nyingine. Siku ile wewe ulipoulizwa iko wapi, ukiwa na povu usoni, nilifungua mdomo, nao haukutoa kitu.

Kaka, niliitoa mimi.